Yah: Boksi la Henry J ya 1951 lililoandikwa "Kama Ilivyotoka Kiwandani"

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita nilinunua kwenu seti ya plastiki ya kuunda modeli ya gari la Henry J ya mwaka 1951, skeli ya 1/25. Juu ya boksi, kwa herufi kubwa za njano, mmeandika "Kama Ilivyotoka Kiwandani". Nilichokikuta ndani ni gari la mashindano.

Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana aliyepokea barua pepe yangu ya kwanza alinijibu kwa sentensi moja tu: "Henry J ndivyo zilivyo." Sivyo. Hivyo ndivyo zilivyofanywa baadaye, na watu wengine kabisa.

Gari lenyewe lilitolewa na Kaiser-Frazer huko Willow Run, Michigan, likapewa jina la mwenyekiti wao, Henry J. Kaiser. Kampuni ilikuwa imekopa fedha za serikali ya Marekani, na mkopo ulikuja na masharti yake: bei isizidi dola 1,300, gari libebe watu wazima watano, na liweze kushika maili 50 kwa saa kwa muda mrefu. Basi wakabana kila kilichobanika. Injini ya silinda nne ilitoka kampuni ya Willys, nguvu farasi 68, ndugu wa damu wa ile ya Jeep ya vitani. Vioo vya nyuma havishuki. Hata mfuniko wa buti waliuondoa. Ukiwa na mzigo unalaza kiti cha nyuma, unaupitishia ndani. Mimi gari hili nalipendea hapohapo, kwenye ubahili wake.

Sasa turudi kwenye boksi lenu. Fremu ya kwanza, yaani ule mti wa plastiki unaoshika vipande, ina injini ya V8 (silinda nane) yenye supachaja, pampu ya kuisukumia hewa, juu yake, kubwa kiasi kwamba boneti haifungi, na hilo mnalijua vizuri kwa sababu hatua ya 7 ya karatasi ya maelekezo inaniambia niikate boneti. Injini ya silinda nne haipo. Nimepekua fremu zote sita, nikapekua hadi mfuko wa matairi. Mbele mmeweka ekseli moja iliyonyooka kama fimbo, wakati kwenye gari halisi kila gurudumu la mbele lilijitegemea na koili springi yake. Matairi ya nyuma ni mapana na ni vipara, na ili yaingie mmeikata bodi kwa duara kubwa, kama walivyokuwa wakizikata vijana wa mbio za robo maili miaka ya 1960.

Tundu hilo ndilo linaloniuma. Injini naweza kuiazima kwenye modeli ya Jeep. Bodi iliyokatwa hairudi ila kwa kipande cha plastiki, puti na msasa, na ukikosea kidogo tu, rangi ya mwisho itakusema.

Halafu nikaigeuza bodi chini ya taa. Nyuma kuna mstari wa buti, umechongwa safi, na kishikio chake kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikapitisha ukucha, ukanasa. Najua mfuniko uliuzwa kama nyongeza kwa aliyeutaka, lakini ubavuni mwa boksi mmeandika wenyewe: "toleo la msingi, bila mfuniko wa buti". Yaani aliyeandika boksi alisoma, aliyechonga kalibu hakusoma, na hakuna aliyewakutanisha.

Nisiwaonee. Umbali kutoka ekseli hadi ekseli niliupima kwa vernia, nikapata milimita 101.6, ambazo ndizo inchi 100 za gari halisi ukizigawa kwa 25. Paa limekaa sawa, na vile vibawa vidogo vya nyuma vimetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Hasira yangu inatoka hapo hasa. Mlikuwa mmekaribia kufika, mkageuza njia.

Mtu anayetaka Henry J ya mashindano hana shida, tayari ana pa kuipata, na angeshukuru boksi liseme ukweli. Sisi tunaotaka ile ya baba wa familia, yenye wilikapu ndogo na dashibodi isiyo na hata kisanduku cha kuwekea karatasi, ndio tuliolipa kwa sababu ya maneno matatu ya njano.

Sijagusa gundi. Kila kipande bado kiko kwenye fremu yake, na picha nimeambatisha pamoja na risiti. Naomba mnitumie bodi isiyokatwa, injini ya silinda nne, mfumo sahihi wa mbele, na matairi manne yanayolingana pamoja na wilikapu zake. Kama vipande hivyo hamkuvitengeneza kabisa, nirudishieni fedha yangu yote, ikiwemo ya usafirishaji, na mkayafute yale maneno kwenye maboksi yaliyobaki ghalani. Stika za miali ya moto nitazirudisha kwa vyovyote vile.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Safari hii naomba litoke kwa mtu aliyewahi kulifungua boksi hili.

Wenu,
Mteja