Yadi za magari zituonyeshe haibridi kabla ya kutukabidhi ufunguo

Mhariri,

Magari ya haibridi, yanayotumia petroli pamoja na umeme, yamejaa Nairobi. Simama Barabara ya Ngong jioni uhesabu Prius, Aqua, Fit na Vezel zinazopita. Wanunuzi wana sababu nzuri: foleni zetu hula petroli, na gari hili huzima injini likisimama. Hata hivyo, usumbufu anaokumbana nao mwenye gari miezi ya kwanza mara nyingi hautoki kwenye injini wala kwenye betri kubwa. Hutoka kwenye vitu vidogo ambavyo mbunifu aliviweka mahali fulani akimfikiria dereva wa Japani, mwenye kitabu cha maelekezo anachoweza kukisoma. Gari likishuka melini Mombasa, vitu hivyo hubaki palepale, na kitabu huwa bado ni cha Kijapani.

Nianze na betri ndogo, maana ndiyo inayolaza watu njiani bila sababu. Haibridi ina betri mbili. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, ni ya volti 201.6, ya Aqua ni volti 144. Ile ndogo ni ya volti 12, na katika magari haya mawili haipigi stata kwa kuwa stata ya kawaida haimo. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Kwa vile haibebi mzigo mzito, haitoi onyo. Betri ya gari la kawaida ikichoka, stata huanza kuburuta asubuhi na unapata siku kadhaa za kujipanga. Hii hukatika ghafla: taa za dashibodi huwaka ovyo, kanyagio la breki huwa gumu, na neno READY, linaloonyesha gari liko tayari kwenda, halitokei. Mwenye gari huamini betri kubwa imekufa, na fundi asiye mwaminifu humwacha aamini hivyo.

Kabla hujakubali kununua betri kubwa, pima ile ndogo kwa mita ya umeme. Gari likiwa limelala usiku kucha, inapaswa kusoma karibu volti 12.5. Ikiwa chini ya 12, tatizo umelipata. Gari likiwa READY, isome karibu 14. Isipofika hapo, basi kifaa kinachoshusha umeme kutoka betri kubwa ndicho cha kuchunguzwa. Gari hili halina alteneta.

Sasa tazama mahali ilipowekwa. Kwenye Prius imo ndani ya buti, upande wa kulia, na buti lenyewe hufunguka kwa swichi ya umeme. Betri ikiisha, buti halifunguki, na kitu unachokitaka kimo humohumo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kufungua mlango wa dereva, kulaza viti vya nyuma na kutambaa hadi kwenye mlango wa buti. Chini yake kwa ndani kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue, usukume kiwiko cha kufungulia kilicho nyuma yake. Ya pili ni rahisi zaidi: fungua boneti, kisha kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, utafute kikofia chekundu. Chini yake pana ncha ya chanya iliyowekwa kwa ajili ya kujampia. Waya mwekundu uende hapo, mweusi ushikwe kwenye bolti tupu ya chuma mbali na betri. Subiri dakika chache, kanyaga breki, bonyeza POWER hadi READY iwake, kisha toa nyaya na uliache gari READY nusu saa au zaidi. Kwenye Aqua betri hiyo iko chini ya kiti cha nyuma.

Usikubali nyaya zigeuzwe hata kwa sekunde moja, kwa sababu fyuzi kuu huungua na kifaa cha kushusha umeme kinaweza kuungua nayo. Jirani akiomba umjampie lori lake kwa haibridi yako, mkatalie kwa heshima. Betri hii ni ndogo na haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Wakati wa kuibadilisha, watu wengi huteleza. Ncha zake ni nyembamba, za Kijapani, na kwa kuwa inakaa pamoja na abiria inatakiwa kuwa ya AGM (asidi yake imenyonywa na mkeka, haimwagiki) iliyofungwa, yenye kijibomba cha kupeleka gesi nje. Fundi akileta betri ya kawaida ya maji, akafungua kishikio kwa bisibisi ili kipite juu ya ncha nene, halafu akakiacha kijibomba kikining'inia, gesi ya hidrojeni inabaki ndani ya gari lenye watoto. Gari litawaka vizuri, na mteja ataondoka akishukuru.

Kinachoiua betri ndogo mapema ni kitufe cha POWER. Ukibonyeza bila kukanyaga breki, redio na taa huwaka lakini gari haliko READY, kwa hiyo betri ndogo inatoa tu bila kujazwa. Anayemsubiri mtu nje ya hospitali akisikiliza taarifa ya habari namna hiyo, huenda asiondoke. Kinyume chake pia ni hatari. Gari likiachwa READY halina ngurumo ya injini, dereva anashuka akidhani amezima, na baadaye injini inajiwasha yenyewe ili kujaza betri kubwa. Katika gereji ya nyumbani iliyofungwa, moshi huo unaua. Zima, hakikisha READY imepotea, ndipo ushuke.

Jambo la pili ni nyutro, na hili ni letu wenyewe. Madereva wa Nairobi tumezoea kuweka N kila foleni inaposimama, na wengine huteremka mlima kwa N ili kuokoa mafuta. Kwenye Prius na Aqua mazoea hayo yanaumiza. Gia ikiwa N, betri kubwa haijazwi hata injini ikinguruma, kwa kuwa mfumo umeikata mota isizalishe umeme. Wakati huohuo kompresa ya kiyoyozi inaendeshwa kwa umeme wa betri hiyohiyo. Kaa Barabara ya Mombasa kwa N, kiyoyozi kikivuma, na utaona vijistari vya betri vikishuka kimoja kimoja. Vikiisha kabisa, nyaya za jampa hazitakusaidia, sababu injini huzungushwa na betri kubwa, na hiyo huhitaji chaja maalumu. Ukisimama kidogo, baki D ukikanyaga breki. Ukisimama sana, weka P. Mteremko ndio mahali gari linapojichumia umeme wa bure, na N inautupa.

Herufi B kwenye gia nayo imetafsiriwa vibaya na wengi: wanasema ni ya betri. Hapana, ni ya kushika gari kwa injini mteremko ukiwa mrefu. Toka Limuru ukishuka kuelekea Mai Mahiu na betri itajaa kabla hujafika chini. Ikijaa, mota haina pa kupeleka umeme, na breki za chuma hubeba mzigo wote. Hapo ndipo B inapofaa. Barabara tambarare itumie D.

La tatu ndilo linalogharimu zaidi. Betri kubwa hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lenye matundumatundu: kwenye Prius liko pembeni mwa kiti cha nyuma, kwenye Aqua chini ya kiti hicho. Halina maandishi unayoweza kuyasoma, na linaonekana kama pambo. Basi sweta la mtoto linatupwa pale, mfuko wa sukuma wiki unaegemezwa pale, kiti cha gari kinavishwa kitambaa kipya kinacholifunika. Vioo vikiwa wazi kwenye barabara ya vumbi, vumbi linavutwa moja kwa moja hadi kwenye betri.

Betri ya Prius ni moduli 28 zilizofuatana, ya Aqua 20. Hewa ikipungua, zile za katikati hupata joto kabla ya nyingine na huchoka kwanza. Moduli moja ikilegea, kompyuta huihukumu betri nzima na kutoa kosa P0A80. Kubadilisha moja tu huleta nafuu fupi, maana zilizobaki ni za umri uleule. Bora kusafisha mapema, kila miezi sita kwa anayeishi kwenye vumbi. Zima gari, peleka rimoti mbali, vuta kifuniko cha tundu kwa vidole (kimeshikwa na klipu, taratibu zisivunjike), fyonza kwa kifyonza vumbi. Kama kuna kichujio, kikung'ute na kukipiga brashi. Feni yenyewe iko nyuma ya plastiki za buti au kiti. Visu vyake vidogo hushika uchafu kama sufi, na husafishwa kwa brashi laini ya rangi. Usipulizie hewa ya kompresa kuelekea ndani, kwa kuwa utalisukuma vumbi lote kwenye moduli. Wala usiguse waya wowote wa rangi ya chungwa. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye glavu za kuzuia volti 1,000, aliyechomoa plagi ya usalama na kusubiri angalau dakika kumi.

Ukimya wa gari ni kero ya wanaotembea kwa miguu kuliko ya dereva. Prius ikirudi nyuma hutoa mlio, lakini mlio huo uko ndani. Anayepita nyuma na mkokoteni Gikomba hausikii. Toyota ilianza kuuza Japani kifaa cha kutoa sauti nje mwaka 2010, kama nyongeza ya kulipia, kwa hiyo magari mengi ya umri ule hayana. Warudio nyuma wawashe taa za tahadhari na kushusha kioo.

Mengine ni mepesi. Chini ya gari pana nafasi ya takriban milimita 140 tu, kwa hiyo panda matuta polepole kama gari limejaa. Katika mengi, badala ya tairi la spea kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo ina tarehe ya mwisho na haizibi ubavu uliopasuliwa na shimo, basi nunua spea na jeki. Redio za Japani za miaka ile mara nyingi huishia 90 MHz, na idhaa zetu nyingi ziko juu ya hapo. Sauti ya kike inayosema Kijapani kila asubuhi inaulizia kadi ya kulipia barabara za huko; ichomoe plagi yake.

Kwa wenye maduka ya kujaza gesi ya kiyoyozi, ombi moja. Kompresa ya umeme ya Toyota hutumia mafuta ya ND-11 yasiyopitisha umeme. Ukitia mafuta ya PAG ya magari mengine, umeme wa betri kubwa utavuja kwenye mwili wa kompresa, na kompyuta italizima gari. Hali kadhalika tangi dogo la maji ya inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota), ambalo si lile la rejeta: lijazwe kipoza chake, si maji ya bomba.

Wauzaji wa yadi, nusu saa inatosha. Mfungulieni mnunuzi buti kwa mkono, mwonyesheni kikofia chekundu na tundu la hewa, mbonyezeeni POWER kwa breki na bila breki. Mpeni karatasi moja ya Kiswahili aiweke kwenye sanduku la dashibodi. Mstari wa kwanza useme gari likikwama lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakigusa lami, kwa sababu yameungana moja kwa moja na mota, na yakizungushwa mfumo ukiwa umezimwa mota huzalisha umeme na kuungua. Libebwe juu ya lori, au linyanyuliwe mbele.

Fundi wa umeme wa magari,
Nairobi