Eleanor Cobham hakuangushwa na uchawi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za historia katika magazeti yetu zinapomgusa Eleanor Cobham, mke wa Duke Humphrey wa Gloucester, humwita mchawi na kuhamia kisa kingine. Naomba nafasi nipinge desturi hiyo, kwa sababu kesi ya uchawi iliyomwangamiza mwaka 1441 haieleweki mpaka mtu aulize ni nani waliokuwa wakigombania madaraka pembeni mwa Mfalme Henry VI wa Uingereza, kijana wa miaka 19 asiye na mke wala mtoto.

Eleanor, binti wa kabaila wa kawaida, aliingia katika nyumba ya Humphrey akiwa mwandani wa Jacqueline wa Hainault, mke wa kwanza wa Duke huyo. Ndoa ile ilipotangazwa kuwa batili mwaka 1428, Humphrey alimwoa Eleanor, na wengi hawakumsamehe kwa kupanda cheo namna hiyo. Mwaka 1435 alifariki John, Duke wa Bedford, kaka yake Humphrey, na tangu siku hiyo kati ya Humphrey na kiti cha enzi alibaki mtu mmoja tu, yaani mfalme mwenyewe, mpwa wake. Kwa hiyo mke wa Humphrey angeweza kuwa malkia wakati wowote, na jambo hilo halikumpendeza Kadinali Henry Beaufort na wenzake katika baraza la mfalme, ambao walikuwa wamevutana na Duke huyo kwa miaka mingi.

Sisemi kwamba Eleanor hakuwa na tamaa. Wasomi wawili waliokuwa karibu naye, Roger Bolingbroke na Thomas Southwell, walishtakiwa kwamba walipiga falaki ya mfalme na kubashiri kuwa angeugua na huenda akafa, na kutaka kujua siku ya kufa kwa mfalme, hasa kwa mtu ambaye kifo hicho kingemnufaisha, ni jambo ambalo dola yoyote ya zama zile ingeliona kuwa uhaini. Lakini Eleanor mwenyewe alikiri kwamba alichukua dawa kwa Margery Jourdemayne, mwanamke aliyejulikana kwa uchawi, ili apate mimba. Mtu akumbuke kwamba mke wa mrithi wa kiti alitazamiwa kuzaa, na kwamba Eleanor hakuwa amempa mumewe mrithi. Maelezo hayo yana uzito kuliko wanavyoyapa waandishi wengi.

Adhabu zenyewe zinaonyesha walengwa walikuwa nani. Margery alichomwa moto Smithfield, Southwell akafia gerezani katika Mnara wa London, Bolingbroke akanyongwa na mwili wake kukatwakatwa. Eleanor alihukumiwa na maaskofu, akatenganishwa na mumewe, kisha akaamriwa kufanya kitubio hadharani mnamo tarehe 13, 15 na 17 Novemba, siku za soko, makusudi ili umati uwepo. Siku ya kwanza aliletwa kwa mashua kutoka Westminster, akashuka kwenye gati la Temple, akatembea kichwa wazi na mshumaa mkononi kupitia Fleet Street hadi kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, huku meya wa jiji akiwa miongoni mwa waliompokea. Mwanamke aliyezoea kuingia London kwa msafara alitembezwa mbele ya watu wale wale, na kila aliyemwona alijua kwamba Humphrey ameshindwa kumlinda mkewe. Hakuna hotuba barazani ambayo ingemvunjia Duke huyo heshima kiasi hicho.

Baada ya hapo Eleanor hakuachiwa tena. Alihamishwa kutoka ngome hadi ngome, Chester, Kenilworth, Kisiwa cha Man, na mwishowe Beaumaris huko Wales, alikofariki mwaka 1452. Humphrey naye alikamatwa Bury St Edmunds mwezi Februari 1447 na kufa siku chache baadaye akiwa kizuizini.

Liko jambo moja ambalo sijaliona likichapishwa katika kurasa hizo. Kesi hii ilizua swali la kisheria: mke wa kabaila mkuu akituhumiwa uhaini, ahukumiwe na nani? Bunge lilijibu mwaka 1442 kwa sheria iliyoagiza kwamba wanawake wa cheo hicho wahukumiwe na majaji na makabaila wenzao, kama waume zao. Naomba safari ijayo mtakapomwandika Eleanor, sheria hiyo na ugomvi wa Humphrey na Beaufort vipewe nafasi ileile inayopewa dawa za Margery.

Msomaji wenu.