Barua kwa Mama Mdogo: Jipu Lililo Kifuani mwa Mdogo Wangu

Mama mdogo, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza mara tatu: jipu linaingiaje kifuani wakati ngozi haina hata mkwaruzo? Salio likakatika kabla sijakujibu vizuri. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu ziko nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kifafa, na swali lako wanalo wao pia. Miaka niliyouguza wodi ya vifua, nimeulizwa hivyo hivyo na akina mama wengi.

Jibu linaanzia mdomoni. Unakumbuka usiku ule mdogo wangu alipoanguka kifafa, ukamkuta amelala chali, povu limemjaa? Mtu aliye macho mate yakimpalia anakohoa, yanatoka. Aliyepoteza fahamu hakohoi. Mate yanateremka taratibu mpaka kwenye pafu, yakiwa yamebeba bakteria waliojazana kwenye fizi zilizovimba na meno yaliyotoboka. Wengi wao hustawi mahali pasipo hewa. Kwanza huleta nimonia, kisha baada ya wiki moja au mbili sehemu ya pafu inaoza na kubaki shimo lenye usaha. Mara nyingi huwa pafu la kulia, kwa kuwa njia ya hewa ya upande huo ni pana zaidi na imeshuka wima zaidi. Ndiyo maana kichomi chake kilikuwa kulia.

Hata ile harufu ya makohozi inatoka kwa bakteria hao hao. Najua ilikutia uchungu, ukawa unafungua madirisha kabla wageni hawajaingia. Ungeitaja mapema kwa daktari, mama, ingemsaidia sana. Makohozi yanayonuka uozo ni dalili kubwa ya ugonjwa huu.

Mliomshuku kwa TB hamkukosea. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, kikohozi cha wiki nyingi: dalili zote hizo TB inazo, na TB nayo hutoboa pafu. Kwa hiyo makohozi lazima yapimwe. Kwake hawakuona TB, na picha ya eksirei ikaonyesha shimo la mviringo lenye mstari ulionyooka katikati, kama kikombe cha uji kilichojaa nusu: usaha chini, hewa juu. Kuna usaha mwingine unaokaa nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu. Huo kwa kawaida hutolewa kwa mrija unaopitishwa ubavuni, wala dawa peke yake mara nyingi haitoshi. Wa mdogo wangu uko ndani ya pafu, na unatoka wenyewe kwa njia ya kikohozi. Ndiyo sababu hawakumtoboa. Hawakumpuuza.

Sasa hili la dawa, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Umesema homa imeshuka, anakula, na anataka kuacha vidonge kwa sababu tumbo linamsumbua. Tafadhali asiache. Homa hushuka mapema, pengine ndani ya wiki moja, lakini shimo bado lipo. Jipu la pafu hutibiwa kwa wiki tatu hadi sita, wengine zaidi, mpaka picha ya kifua ionyeshe limefunga au limebaki kovu dogo. Tumbo likizidi, arudi kwa daktari abadilishiwe. Kabla ya penisilini kuenea miaka ya 1940, karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata ugonjwa huu alikufa. Leo wengi wanapona bila kisu, ilimradi dozi imekwisha. Akikohoa damu, akihema kwa shida, au homa ikirudi, msisubiri siku ya kliniki.

Dawa za kifafa nazo zisikatishwe hata siku moja, kwa sababu kila anguko ni nafasi nyingine ya mate kushuka. Fenitoini anayotumia hunenepesha fizi, na wewe mwenyewe umeona zinavyotoka damu akipiga mswaki. Kwa hiyo meno yake ni sehemu ya matibabu ya kifua. Madaktari wakikuta jipu la pafu kwa mzee kibogoyo, asiye na meno ya kuficha bakteria hao, hushtuka, wakaanza kutafuta kitu kingine, kwa mfano uvimbe ulioziba njia ya hewa. Mdomo una uzito kiasi hicho katika jambo hili.

Akianguka tena, mlazeni ubavu ili mate yatoke nje. Lile jambo la kumtia kijiko katikati ya meno, nakuomba likome kabisa, hata jirani akisisitiza. Jino likivunjika, kipande kinaweza kushuka pafuni. Msimpe maji mpaka azinduke sawasawa na kujibu akiitwa jina. Degedege likipita dakika tano, tafuteni usafiri mmpeleke hospitali.

Hakuna aliyemtupia kitu, mama mdogo. Wala wewe hukukosea kumlea.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Niwekeeni ile picha ya kifua, msiikunje, maana tutailinganisha na mpya. Jumatatu yake nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, na nauli ninayo.

Mwanao.