Kwa mwanangu, aliyekifunga kitabu kabla ya mwisho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Unaniambia kwamba umemaliza juzuu ya 11 ya The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za kubuni za Robert Jordan, kwamba juzuu tatu zilizobaki umeziweka kando, na kwamba huna nia ya kufika A Memory of Light, juzuu ya mwisho, kwa kuwa jalada lake lina majina mawili ya waandishi. Kwako wewe hadithi ilikufa pamoja na Jordan, na yaliyofuata ni ya mtu mwingine. Sikulaumu, kwa sababu kukataa huko kumezaliwa na mapenzi. Hata hivyo naona umekosea, na nataka kukueleza kwa nini, bila kukufichulia lolote kuhusu jinsi mambo yanavyokwisha.

Jordan, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Oliver Rigney, alitoa juzuu ya kwanza mwaka 1990 na ya 11 mwaka 2005. Mwaka 2006 aliwatangazia wasomaji wake kwamba ana amiloidosisi, ugonjwa uliokuwa umeushambulia moyo wake, na tarehe 16 Septemba 2007 akafariki akiwa na umri wa miaka 58. Muda uliobaki kati ya siku hizo mbili hakuuacha upotee. Aliandika alichoweza kuandika, na nguvu zilipopungua akawasimulia watu wa nyumbani kwake yaliyokuwa yamebaki kichwani, nao wakayarekodi. Miongoni mwa alivyoviacha vikiwa vimeandikwa kwa mkono wake ni tukio la mwisho kabisa la mfululizo mzima. Ukurasa ule unaoukwepa, mwanangu, ukidhani ni wa mgeni, ndio ambao yeye mwenyewe alihakikisha ameuandika kabla hajaondoka.

Aliyeubeba wosia huo ni mkewe, Harriet McDougal, ambaye pia alikuwa mhariri wa mfululizo tangu juzuu ya kwanza. Mara nyingi humfikiria mwanamke huyu. Amefiwa na mume, na papo hapo ana deni kwa wasomaji waliongoja miaka 17, na zaidi ya hayo anazijua kurasa zile kwa undani kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisoma maneno ya rambirambi ambayo kijana mmoja mwandishi, Brandon Sanderson, alikuwa ameyaandika kumkumbuka Jordan. Akampigia simu, akasoma riwaya yake moja ili aupime uwezo wake, kisha akamkabidhi kazi. Sanderson hakuwa rafiki wa marehemu. Alikuwa msomaji wake tangu ujana, kama wewe. Alipewa maandishi, rekodi na shehena ya madokezo, pamoja na msaada wa wasaidizi wawili wa Jordan waliojua kila jina na kila tarehe ya ulimwengu ule. Jordan alikuwa amesema kitabu cha mwisho kitakuwa kimoja tu, lakini kilipoanza kuandikwa kilionekana kuwa kikubwa mno, ndipo kikagawanywa kuwa vitatu: cha kwanza kikatoka mwaka 2009, cha pili 2010, na A Memory of Light, ambacho ni cha 14, Januari 2013.

Sanderson alisema wazi kwamba hataiga sauti ya Jordan, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliookoa kazi nzima. Angeiga, tungesikia uongo katika kila sentensi. Unaikumbuka takhmisa? Mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, pengine aliyekufa zamani, akaitangulizia mitatu ya kwake, na ubeti ukakamilika kwa mishororo mitano. Mtungaji hajifanyi kuwa yule wa kwanza. Anajitahidi tu mishororo yake ifike salama kwenye ile aliyoikuta. Ndivyo nilivyokuja kukisoma kitabu hiki: kama takhmisa ndefu sana, ambayo mwisho wake ulikuwepo tayari.

Nasema nilikuja kukisoma hivyo kwa sababu mwanzoni nilikisoma vibaya. Juzuu ya 12, ya kwanza kati ya zile tatu, niliipitia kama mkaguzi, nikitafuta mshono, nikijiuliza katika kila ukurasa ni nani kati ya wawili hao aliyeandika. Nilifika mwisho nikiwa na orodha ya makosa na nikiwa sikumlilia mtu hata mmoja, ingawa palikuwa na wa kuliliwa. Nilirudia kuisoma yote.

Makosa yapo, na sitaki uyakute bila kuonywa. Mat, yule mhusika mwenye utani, hafanani na Mat unayemjua. Utani wake katika juzuu ya 12 ni wa kelele, na Sanderson mwenyewe alikiri kwamba hakumpata sawasawa mwanzoni. Sentensi ni fupi na mwendo ni wa haraka kuliko ulivyozoea. Katika juzuu ya mwisho, adui mmoja wa tangu zamani anamalizwa upesi mno, jambo ambalo linaniudhi hadi leo.

Lakini kuna sura ya 37. Inakaribia kurasa 200 katika kitabu chenye kurasa zaidi ya 900, na yote ni vita, ikiruka kutoka jicho la mtu mmoja hadi la mwingine bila kukupa pa kupumzikia. Jordan alikuwa amepigana Vietnam akiwa mpiga bunduki wa helikopta, na tangu juzuu za mwanzo vita vyake vina uchovu, vumbi na watu wasiojua kinachotokea hatua mia moja kutoka walipo. Nilidhani hilo litakuwa la kwanza kupotea. Halikupotea. Wanajeshi wanachoka hadi wanasahau wanapigana na nani, majemadari wanaagiza jambo wasiloweza kueleza, na watu uliotembea nao tangu Two Rivers, kule hadithi ilikoanzia, wanaanguka katikati ya aya, bila hotuba.

Usiianze sura hiyo usiku ikiwa una kazi asubuhi. Na unakumbuka kwamba katika kila juzuu sura ya kwanza hufunguliwa na upepo unaovuma. Basi katika hii ya mwisho uendelee kuusikiliza upepo huo hata baada ya sura ya kwanza.

Ukishaumaliza ukurasa wa mwisho, usiniandikie siku hiyohiyo. Kaa nao siku mbili tatu. Mimi leo usiku naanza tena juzuu ya kwanza, na natumaini barua yako itanikuta ningali mbali na Moiraine, yule mgeni anayewaondoa vijana kijijini, kijiji bado kikijiandaa kwa sikukuu na hakuna hata mmoja wao anayejua kitu.

Mama yako akupendaye