Machale wasimkaribie mpita njia bila idhini

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilimtembeza mbwa wangu, akiwa amefungwa kamba kama kanuni zinavyotaka, katika Msitu wa Karura, Nairobi, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999. Karibu na eneo la mandari, chale aliyealikwa kwenye sherehe ya watoto, mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe na tabasamu jekundu lisilobadilika, alijitokeza ghafla mbele yetu akirukaruka. Mbwa alibweka kwa hofu, nami, ambaye tangu utotoni huogopa uso nisioweza kuusoma, nilitetemeka hadi kamba ikaniponyoka. Mtoto angeweza kuumwa. Nawaomba waandaaji wa sherehe wawaagize machale wabaki na wageni wao.

Mpenda matembezi,
Nairobi