Taa acha, leta spika

Mwanga, Kigoma

Swahiba,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anakuulizia kila akisikia nataja Dar. Barua yako nimeisoma. Kumbe unataka kuja kusimika kazi ya sanaa ya mwanga, taa zielee ziwani usiku! Nikwambie ukweli: taa acha.

Usiku wa kiza, ukisimama mahali pa juu kidogo Kibirizi, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa mpaka hujui maji yanaishia wapi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri, nyeupe mno, mimi sizipendi. Kila moja iko kazini, inavuta dagaa waje juu. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Sasa ukileta zako za urembo, watu wa mwaloni watakuuliza zinavua nini.

Utanitajia yule msanii Olafur Eliasson na lile jua lake la taa la London, nakujua. Lile alilisimika ndani, katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, mwaka 2003, majira ya baridi yakiingia, kwa watu wenye kiu ya jua. Nusu duara ya taa za manjano, kioo cha dari kikaimalizia nusu ya pili, ukungu ukatanda. Taa zilikuwa za rangi moja tu, kwa hiyo nguo zote zikaonekana manjano au nyeusi, na watu wakalala sakafuni kujitafuta kwenye kioo. Huku jua tunalikimbia.

Mimi ningemfuata Janet Cardiff, yule msanii Mkanada. Mwaka 2001 alichukua wimbo wa kwaya wa Thomas Tallis, Mwingereza wa karne ya 16, wenye sauti 40 tofauti. Kila sauti akaipa spika yake, spika 40 zikazunguka chumba. Ukikaa katikati unasikia kwaya nzima. Ukisogea kwenye spika moja unakutana na mtu mmoja, unasikia hata anavyovuta pumzi. Kabla wimbo haujaanza wanakohoa, wanapiga soga, naye hakuyafuta hayo.

Fikiria basi mtumbwi mmoja, usiku mmoja, kila mvuvi na kinasa sauti chake: anayevuta wavu, anayekumba maji, anayelalamikia bei ya mafuta. Kisha spika zipangwe ghalani gizani, kila moja pale mwenyewe alipokuwa amekaa, watu wapite katikati yao. Wake zao wangekuja, maana usiku ule wao hawauoni kamwe. Ila uwaombe wavuvi ruhusa kwanza, na uwalipe.

Umeme ukikatika jenereta itaharibu kila kitu kwa kelele, kwa hiyo njoo na betri.

Ghala lipo, karibu na stesheni. Lilikuwa la mawese na harufu haitoki hata ufanyeje, lakini mwenyewe anasikilizana. Nijibu upesi kabla hajampa mtu wa mahindi.

Wako,
Jirani wa zamani