Fundi bomba akija, msiwafukuze watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wazazi wenzangu jambo moja: bomba la nyumbani linapotengenezwa, mtoto aachwe awepo na apewe kazi anayoiweza.

Uani kwetu, hapa Tanga, tulikuwa na koki ya zamani ya kuzungusha, ambayo mpira wake wa ndani ulikuwa umelika kiasi kwamba kuifunga kulihitaji nguvu ambazo binti yangu wa miaka 6 hana. Kila aliponawa, maji yaliendelea kudondoka, naye alikemewa kwa kosa ambalo lilikuwa la koki, wala si lake. Nilipotega kikombe cha robo lita, kilijaa kwa dakika 15. Hiyo ni lita moja kwa saa, na kwa siku 30 ni lita 720, yaani madumu 36 ya lita 20 ya maji tunayoyalipia.

Jumamosi iliyopita tuliweka koki ya nusu inchi yenye mkono, ambayo hufunga kwa robo mzunguko tu. Binti yangu aliifunga koki kuu iliyo karibu na mita kwa mikono yake miwili, akafungulia ya uani mpaka maji yaliyobaki yakakauka, na nilipokwisha kuitoa ile mbovu kwa spana, akasugua kutu ndani ya elbo, kile kiungo cha bomba kilichopinda, kwa mswaki mkuukuu. Kosa nililifanya mimi, kwa kuizungusha kinyume, kwenye meno ya koki mpya, tepu nyeupe ya kuzuia maji yasivuje, hivyo koki ilipoingia, tepu ikajikunja na kuchomoka. Nilikuwa nimempa kipande kikavu cha gazeti akipitishe kwenye kiungo baada ya kufungulia maji, na ndiye aliyeniita: "Baba, limelowa." Tukaanza upya. Safari hii alishika koki, meno ya koki yakiwa yamenielekea, nami nikazungusha tepu kufuata mwendo wa mishale ya saa huku yeye akihesabu mizunguko kwa sauti. Gazeti la pili lilitoka kavu, na tangu siku hiyo anaifunga koki hiyo kwa kidole kimoja.

Linaloniuma ni kwamba watoto wetu, hasa wa kike, tunawatuma maji tangu wangali wadogo, lakini bomba likiharibika tunawaambia wakacheze. Mtoto anakua akijua uzito wa ndoo bila kujua koki kuu iko wapi, hata siku bomba likipasuka akiwa peke yake nyumbani hana la kufanya ila kuita majirani.

Sisemi aachiwe kila kitu, kwani pampu ya umeme na hita ya maji ni kazi za fundi, na spana nzito inaweza kumponda vidole. Ila kushika tepu, kusugua kutu na kukagua kiungo anaweza. Ninakuomba nawe, Ndugu Mhariri, utenge sehemu ya kurasa za familia kwa kazi za namna hii, zikiambatana na michoro ambayo mtoto anayejifunza kusoma ataweza kuifuata.

Mzazi,
Tanga